Gari Lililodai Jogoo

Ndugu zangu, leo gari langu kuukuu limedai jogoo.

Lina betri mbili: ya volti kumi na mbili kwa taa na redio, ya volti sita kwa honi na kuwashia injini.

Niliombwa nimpeleke binti wa jirani kanisani, akaolewe. Nikazima injini mlangoni kwao, nikapiga honi kumwita. Nikapiga mno.

Akapanda. Injini kimya!
Taa zinawaka, redio inaimba, padri anasubiri.

"Mzee anadai chake," shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kumchukua bibi harusi, akacheka akilionyesha gari, akaweka jogoo kwenye boneti kama apewavyo baba kabla ya kumwachia binti. "Haya baba, tuachie mtoto!"

Nikajaribu tena. Ikawaka.

Nadhani betri ilikuwa imepumzika tu. Lakini hata baada ya miaka yote hii ya ugeni Ifakara, sina hakika.

Jioni kaja kijana anayeoa mwezi ujao. "Shikamoo mzee. Gari lako hupendelea nini?"

Nimjibuje?