Mikaratusi ya Bondeni

Namfukiza mwanangu mafua kwa majani ya mkaratusi. Mvuke umenipanda puani, na mara mimi ni mtoto tena bondeni kwetu, miguu imezama kwenye tope jeusi hadi magotini.

Tata, baba yangu, alikuwa akipanda miche ya mikaratusi ili kinamasi kikauke, tupate mahali pa kupanda majani chai. Mimi nilimpokeza miche, mmoja mmoja. Mbele yetu walisimama korongo wawili wenye taji za dhahabu. Siku zote walitupigia kelele tukikaribia. Siku hiyo walinyamaza, wakatutazama tu.

Nyanya alikuja kutoka kisimani, mtungi kichwani.

"Hao wana mayai hapo," alimwambia Tata. "Ukiwafukuza, maji nayo yataenda."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani. Mti utakausha tope tu. Kisima hautakigusa."

Akachimba shimo lingine, karibu kabisa na kiota, kisha akaninyooshea mkono bila kugeuka. Nilimtazama Nyanya. Nikampa mche.

Korongo waliruka bila sauti, mmoja akimfuata mwenzake. Nyanya aliwatazama hadi wakapotelea upande wa Sironga. Baadaye niliyagusa yale mayai. Yalikuwa bado na joto.

"Mama, ongeza maji," mwanangu ananiambia kutoka chini ya blanketi.

Nainamisha mtungi. Yanatoka matone mawili. Punda anayetuletea maji tangu kisima kikauke hapiti mpaka kesho kutwa.