Marufuku Kupakua

Xavery Lugembe analinda kompyuta mbili katika maktaba ndogo ya Mtendeni. Zilikuwa nne. Mbili zilikufa kwa kushiba: filamu, michezo ya kubahatisha, na programu moja iliyoahidi kuongeza kasi ya mashine, ikaongeza kasi ya kifo. Bodi ya maktaba ilimwambia kwa upole kwamba ikifa nyingine, chumba kitageuzwa stoo ya viti vya harusi. Xavery ana mke kule Chemchem na shamba kule Goweko, lakini chumba hicho ndicho kinachomfanya achane nywele.

Akabandika tangazo: MARUFUKU KUPAKUA HUMU.

Lilitiiwa papo hapo. Mama Levina, aliyezoea kuwauzia wasomaji wali humo ndani, akahamishia sufuria barazani, akawa anaingia na sahani zilizokwisha kujaa. "Sheria ni sheria, kaka Xavery."

Kwenye kompyuta, Fikiri wa bodaboda alikuwa katikati ya filamu ya Kikorea.

"Tangazo hujaliona?"

"Nimeliona, mzee. Mimi sipakui. Nashusha."

Kamusi ilikuwa upande wa Xavery, mji haukuwa. Mchana joto lilipolegeza kila kitu, alisinzia, akaona msafara ukiingia kwa njia ya zamani kutoka pwani. Wapagazi walipita mmoja mmoja ndani ya kioo cha kompyuta, miguu yao haitoi sauti, vumbi likielea kama unga. Walijaza sakafu, wakajaza rafu, na nyuma yao wengine walikuwa bado wanakuja, wadogo kama sisimizi, hadi mahali ambapo mbuga inageuka kuwa anga. Mmoja akamwamkia kwa Kinyamwezi, kisha akauliza kwa adabu: "Bwana, nishushe wapi?"

Hata huyo.

Alipozinduka akampigia binamu yake Ezekia, fundi wa kompyuta. Ezekia akabadilisha paswedi, akaweka programu ya kugandisha mashine: mtu ashushe atakacho, ikizimwa na kuwashwa inarudi ilivyokuwa mwanzo.

"Inasahau kila kitu?"

"Kila kitu, kaka."

Xavery akaionea wivu kidogo.

Bodi ikamtuma mjumbe wake, mama Bertila, kukagua. Xavery akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba huku anatazama kioo kilivyo kitupu. Akafungua kompyuta ya pili. Tupu.

"Pasafi mno hapa. Watu wanakuja kweli?"

Xavery aliviona viti vya harusi vikipanda hadi darini. "Kaa, mama. Ijaribu mwenyewe."

Mama akaandika jina la kwaya ya Moraviani aliyoimbia akiwa msichana. Sauti zikatoka, nyembamba, za mbali. Akafumba macho. Fikiri akaingia, akasimama nyuma yake. Wengine wakasimama nyuma ya Fikiri.

"Mama, tuko foleni."

"Subirini, wanangu. Nashusha kidogo."

Hakuna aliyemsomea tangazo. Jioni ilipokaribia alinyanyuka, akasema viti vya harusi vitafutiwe pengine. "Na wimbo wangu nitaukuta?"

"Hapana, mama. Itabidi uje uutafute tena."

"Basi Jumanne," akasema, akamwachia Fikiri kiti.