Jiko Moja, Milango Miwili

Mwezi uliopita nilienda mtaa wa Mbotela, Nairobi, kumjulia hali shangazi yangu aliyekuwa ametoka hospitalini. Nilipokuwa nikiagana naye mlangoni, jua likishuka, mtu fulani katika safu ya nyumba za nyuma alikuwa ndiyo kwanza anawasha makaa. Unaijua ile harufu, wewe uliyekulia mitaa ile: moshi mwembamba wa karatasi na vijiti, kisha kitu kama chuma kikipata joto, makaa yakianza kushika. Badala ya kwenda kutafuta gari nikajikuta nimekata kushoto, nikapita bomba la maji, nikasimama mbele ya mlango uliokuwa wetu. Umepakwa rangi ya samawati sasa. Mwanamke kijana aliyekuwa akianua nguo aliniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia hapana, nilizaliwa hapa.

Nilikuwa na miaka tisa ule mwaka wa mahindi ya njano. Mvua ilikosa kunyesha, unga mweupe ukapotea madukani, tukala ugali wa rangi ya maua ya alizeti. Ulikuwa na harufu yake, na ulikataa kushikana hata ukiupiga mwiko vipi. Ndugu yangu mdogo aliulilia siku tatu mfululizo, kisha njaa ikamfundisha adabu.

Baba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi kule Industrial Area. Kazi ilipopungua, wanaume wakagawanywa, wengine wakaja wiki hii na wengine wiki ijayo. Kwa hiyo mshahara nao ukakatika katikati. Jioni moja alivua viatu, akaviweka kando taratibu kuliko kawaida, akamwambia mama, "Shule ikifungwa, wewe na watoto mwende nyumbani. Mimi nitakaa na wenzangu hapo mtaa wa Kaloleni mpaka mambo yatengenee."

Nyumbani maana yake ilikuwa Bungoma. Mama alikuwa akichambua sukuma wiki na hakuinua kichwa. "Nyumbani hakukunyesha pia," akasema. "Na wanaume niliowaona wakiachwa Nairobi peke yao kwa muda mfupi, muda mfupi huo haujaisha mpaka leo."

Baba akacheka kidogo, lakini mama hakucheka. Akamwomba ampe muda hadi shule ifungwe. Kama nyumba itakuwa imeshindwa kusimama, atafunga sanduku mwenyewe. Baba akasema, "Haya, tutaona." Mimi nilikuwa nimejifanya nasoma kitabu. Nilielewa kwamba tungeweza kuwa familia ya kuonana Krismasi hadi Krismasi, na kuanzia siku ile kila kitu mle ndani nikakiangalia kwa jicho la mama.

Mama hakuwa mtu wa hotuba. Msemo wake ulikuwa mmoja tu: kinachotupwa kwa mkono hutafutwa kwa miguu. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande akavipanga juu ya kabati vikauke, maana sabuni mbichi huisha kama inalambwa. Chai ya maziwa ikawa ya Jumapili, siku nyingine tukanywa strungi, chai isiyo na maziwa. Kola ya shati la baba ilipochanika aliifumua, akaigeuza, akaishona upya, na baba akaenda kazini kama mtu mwenye shati jipya. Shuleni tulipogawiwa yale maziwa ya pakiti za pembe tatu, mimi nilikunywa nusu, nikakunja pembe na kumpelekea ndugu yangu. Mara nyingine iligeuka mala, maziwa ya kuganda, njiani. Aliinywa hivyo hivyo na kulamba pakiti.

Lakini adui mkubwa alikuwa makaa. Tulikuwa tumezoea kununua gunia, sasa tukawa wa kununua debe, na debe ni ujanja wa muuzaji, nusu yake vumbi. Mama hakutupa lile vumbi. Alinituma kwenye mtaro nilete udongo mweusi, tukachanganya na maji, tukafinyanga madonge kama ya sima na kuyaanika juu ya gunia. Yakikauka huwekwa juu ya moto uliokwisha kushika, nayo huwaka polepole, kwa ukaidi. Jumatatu mwalimu wetu alikagua kucha na kuniuliza mbele ya darasa, "Wewe, kwenu mnachimba mgodi?" Darasa zima likacheka. Lakini alipoona machozi yananilengalenga, akaninong'oneza kwamba hata kwa mama yake yalitengenezwa, na ndimu huondoa weusi.

Sasa nikuambie habari za jirani. Mlango wetu na wake ilitazamana, baraza ikiwa katikati. Alitoka Murang'a, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara. Alikuwa mjane, na aliuza mboga kwenye meza karibu na Jogoo Road. Sisi wote tulimwita Mama Wanja, na Wanja mwenyewe alikuwa rafiki yangu, darasa moja nami. Lakini mama zetu walikuwa hawasemezani tangu Pasaka. Maji ya kufulia ya mama yalikuwa yametiririka hadi kwenye gunia la viazi la Mama Wanja, viazi vikaoza, na maneno yakatoka pande zote mbili ambayo sabuni haiwezi kuyafua. Mimi na Wanja tulicheza nyuma ya choo ili tusionekane.

Kila jioni basi palikuwa na majiko mawili barazani, kila moja limeelekeza mgongo kwa mwenzake. Letu la ugali, lao la githeri, mahindi na maharagwe. Ugali wetu uliiva upesi na kuacha moto mzuri ukiwaka bure mpaka mama aunyunyizie maji ili aokoe makaa yaliyobaki. Githeri yao ilichemka mpaka sisi watoto tunasinzia, na Mama Wanja aliongeza makaa huku akilalamika kwa Kikuyu.

Jioni moja ikapita mvua ya ghafla, ile ya kudanganya wakulima, na ikayakuta makaa ya Mama Wanja nje, jiko letu likiwa chini ya upenu. Alipuliza hadi macho yakawa mekundu. Mahindi na maharagwe yake yalikuwa yameanza tu kulainika. Mama alikuwa ameepua ugali. Alishika kikombe cha maji ya kunyunyiza, akatazama jiko lake, akatazama ng'ambo. Nikaona mkono umesita.

"Mama Wanja," akasema, bila kumtazama. "Huu moto unaenda bure. Leta sufuria."

Mlango wa ng'ambo ukafungwa. Mama akauma mdomo, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha mlango ukafunguka tena, na Wanja akatoka ameikumbatia sufuria kwa kitambaa, akitembea kama anayebeba mtoto mchanga. Mama akaipokea, akafunika moto kwa madonge yetu ya vumbi na jivu kidogo, akaiweka. Githeri ile ilitokota polepole hadi ikaiva.

Asubuhi tulikuta fungu la sukuma wiki mlangoni. Hakuna aliyegonga. Mama alilichukua, akalinusa, akasema tu, "Ni ya leo."

Jioni iliyofuata Mama Wanja alikuja mwenyewe, na kigoda chake. Akakaa, akatazama mama akipika, akasema kwa sauti ile ya barabarani, akimwita mama kwa jina langu, "Haiya! Mama Nafula, kumbe sisi ni wajinga. Ugali yako inataka moto ya hasira. Githeri yangu inataka moto ya subira. Na ni moto moja!"

Mama akaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka hivyo tangu viatu vya baba viwekwe kando. Kuanzia hapo jiko likawa moja, leo la kwetu, kesho la kwao. Makaa mapya yakipamba moto, ugali na mboga vinapikwa kwanza. Yakitulia, madonge na jivu, kisha githeri inapanda na kukaa. Mimi na Wanja tukawa watengenezaji rasmi wa madonge, tukishindana nani atafinyanga la duara zaidi. Chakula nacho kikaanza kuvuka baraza. Ndugu yangu alijua kusema "nĩ njega", yaani ni nzuri kwa Kikuyu, kabla hajajua kufunga kifungo cha shati, na Wanja alijifunza kula ugali kwa mkono kwa namna yetu, kuubonyeza katikati ili mchuzi ukae.

Baba hakujua mengi ya haya. Wiki za kazi alirudi amechoka, na wiki zisizo za kazi alizunguka kutafuta vibarua. Alikuta chakula kimefunikwa, akala.

Shule ikafungwa. Nilirudi nyumbani na ripoti mkononi, nikakuta sanduku la bati limevutwa kutoka chini ya kitanda. Baba alikuwa ameenda stesheni ya basi kuuliza nauli. Mama hakuwa analia wala kupanga nguo. Alikuwa anapika. Mimi nilienda nyuma ya choo nikamkuta Wanja ameshajua. Hatukucheza. Tulikaa tu.

Jioni baba alipomaliza kula, akasema, "Basi la Jumamosi lina nafasi."

Mlango ukagongwa, Mama Wanja akaingia akijipangusa mikono kwa leso. Hakuwa amewahi kuingia nyumbani kwetu baba akiwepo, na baba alisimama kwa mshangao.

"Kaa, Baba Nafula," akamwambia, kana kwamba nyumba ni yake. "Mimi sikuja kuingilia ya nyumba ya mtu. Nauliza tu. Wewe ukipeleka huyu mama Bungoma, mimi nitapika na nani?"

Baba akamtazama mama. "Kupika vipi?"

Mama alienda kwenye kona, akafunua gunia. "Debe la mwisho tulinunua lini?" akamuuliza.

Baba akafikiri. Akainama, akatia mkono ndani ya gunia, akautoa mweusi. Lilikuwa bado na zaidi ya nusu ya debe. Alilitazama muda mrefu, kisha akatazama ile kola ya shati lake kwenye msumari, vile vipande vya sabuni juu ya kabati, kana kwamba siku hiyo ndiyo kwanza ameingia nyumba ile.

"Haitoshi," akasema mwishowe, kwa upole. "Mmefanya kazi kubwa. Lakini kuna kodi."

Mama Wanja akatoka. Usiku ule nilisali sala zote nilizozijua, hata ya chakula.

Asubuhi baba aliamka kabla yetu. Nilimwona akiishusha redio yake kutoka rafuni. Ilikuwa ya mbao, na kitambaa cha kufumwa juu yake, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Mshahara wake wa kwanza wa Nairobi ndio ulioinunua. Aliifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaifunga kwa taulo, akaondoka nayo kwapani. Alirudi adhuhuri mikono mitupu, ila pakiti ya sukari na risiti ya kodi. Akavipitisha kwa mama na kuniambia mimi, "Rudisha sanduku chini ya kitanda."

Nililisukuma kwa nguvu hadi likagonga ukuta.

Saa moja jioni baba alikaa mahali pake pa kusikilizia habari, akitazama rafu. Ndipo tukasikia vitu vikisogezwa nyumba ya ng'ambo, meza ikiburutwa. Mlango wa Mama Wanja ukafunguliwa wazi, redio yake ndogo ikawekwa kizingitini, na sauti ikapandishwa hadi mwisho. Msomaji wa habari akajaza baraza nzima. Baba akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni petu. Walisikiliza hivyo, kila mtu kwake, wakibishana juu ya habari kuvuka moto.

Kazi ya kuhakikisha redio ile haizimiki ikawa yangu na Wanja. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, tukizigeuza kama samaki, na jioni zilikuwa na nguvu za kumaliza taarifa, mara nyingine hata hali ya hewa.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata. Kiwanda kikaita watu wote, unga mweupe ukarudi, na hakuna aliyetaja Bungoma tena isipokuwa Krismasi. Baba alinunua redio nyingine baadaye, kubwa kuliko ile. Lakini habari za saa moja aliendelea kwenda kuzisikilizia mlangoni. Alidai kwamba ile mpya haishiki vizuri.

Mama Wanja alihamia Murang'a nilipokuwa kidato cha pili, na akafariki huko. Wanja yuko Nakuru, tunapigiana simu. Baba naye ametangulia. Mbotela ya sasa ina mabanda ya mabati yaliyobanwa kila palipokuwa na nafasi. Kwenye ile baraza pamejengwa chumba cha kupangisha, na milango miwili iliyokuwa ikitazamana sasa inatazama ukuta. Silaumu mtu. Watu wanahitaji pa kulala.

Mama yuko Bungoma na ana nguvu bado. Miaka michache iliyopita sisi wanawe tulichanga tukamnunulia jiko la gesi, maana moshi ulikuwa ukimsumbua kifua. Nilikaa naye wiki nzima nikimfundisha. Alijifunza upesi. Siku ya mwisho alinipikia chai, akazima, akabaki amesimama akilitazama lile jiko safi lililokwisha kupoa.

"Ni zuri," akasema. "Lakini moto wake ukizima, umezima. Haubakishi kitu cha kumpa mtu."