Kiingereza Changu Kimeingia Kwenye Runinga

Jumamosi nilikuwa nakunja mashuka kwenye duka la kufulia hapa Alief, Texas. Bwana wa kaunta, Mmeksiko aliyezaliwa Texas kama babu yake, akaniinamia kwa aibu.

"Bibi, nifundishe kuongea kama wewe."

"Kiswahili?"

"Hapana. Kiingereza chako."

Nusura nimchape kwa shuka, nikidhani ananicheka. Kumbe miaka yote anaomba kuigiza kwenye runinga, na sasa ameitwa kwenye tamthilia ya polisi. Wakamwambia anaongea sawasawa mno, Mmeksiko gani huyo? Arudi Alhamisi na lafudhi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Na Kihispania chenyewe hakijui!

Nikamfundisha. "Neno usilifunge, mwanangu. Liache mdomo wazi." Akajaribu: "Plizi, bosi, donti shuti!" Nikamwambia sasa umekuwa mtu wa kwetu Tabora kabisa.

Juzi kanikimbilia hadi mlangoni, wamempa! Mwongozaji wa tamthilia alipiga makofi: "Hatimaye, Mmeksiko halisi!" Chumba kizima hakuna aliyeshtukia kuwa ni lafudhi ya Tabora, na Texas hii huwezi kununua kitunguu bila kusalimiana na Mmeksiko.

"Utakuwa nani humo?"

"Muuza unga, Bibi."

"Halafu?"

"Napigwa risasi kabla ya matangazo."

Nimempa hongera, mtoto wa watu kahangaika. Ila mimi, kwa Kiingereza hichohicho, kila ofisi naambiwa nirudi na mjukuu anitafsirie.