Vidole vya Pimamaji

Mume wangu ni fundi vigae, na kazini wanamwita Pimamaji, kama kile chombo chenye kiputo kinachoonyesha kama sakafu imenyooka. Jina limemkaa. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakusalimia ameshainama kukagua pembe za sakafu yako. Mimi nimeshamzoea. Iliyoshindwa kumzoea ni mashine ya ofisi ya wageni.

Tulikuja nchi hii kwa vibali vya muda. Kikiisha unaomba kingine, na kila ukiomba moyo unakwenda mbio upya. Binti yetu tulimwacha kwa bibi yake. Hatimaye bosi wa mume wangu akakubali kumwombea kibali cha kudumu cha kufanya kazi na kukaa, na hicho ndicho kingetupa ruhusa ya kumleta mtoto. Sharti lao ni moja: awe hajatimiza miaka kumi na minane. Akishaitimiza, kwao si mtoto tena, aombe mwenyewe kama mtu baki. Na siku yenyewe ilikuwa haiko mbali.

Basi tukaenda ofisi ya wageni. Picha sawa, barua ya bosi sawa, zikabaki alama za vidole. Pimamaji akaweka kidole kwenye kioo, mashine ikalia. Akakifuta, akaweka tena, ikalia tena. Karani, dada mmoja mpole hadi anaudhi, akamgeuza mkono akautazama. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sahani. Saruji ya miaka yote ilikuwa imezisugua zikaisha.

"Vidole unavyo, baba, lakini alama huna," akasema.

"Kwani kazi zote hizo nimezifanya kwa viwiko?" mume wangu akauliza.

Karani hakucheka. Akasema ngozi huota tena: apumzishe mikono, ajipake mafuta, asiguse saruji, arudi tarehe nyingine. Nikamuuliza, akiacha kazi, hiyo barua ya bosi si itakuwa ya uongo? Akasema hilo si la dirisha lake. Jamani, nimezunguka jengo lile lote, na sijaona dirisha ambalo jambo ni lake.

Bahati nzuri bosi ni muungwana. Akamweka asimamie wenzake kwa mdomo tu. Jioni nikawa namloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, naipaka mafuta, naivisha soksi, naye amekaa kama mgonjwa anayesubiri kulishwa. Vyombo naosha mimi, nguo nafua mimi. Na kweli, vimistari vikaanza kurudi. Asubuhi nilikuwa namvuta mpaka dirishani nivione vizuri. Nikampigia binti, nikamwambia aanze kufunga mizigo.

Siku moja kabla ya miadi nilikuwa kazini kwangu, ninakofanya usafi, mpaka jioni. Narudi, harufu ya saruji mbichi ikanipokea mlangoni. Nikaifuata hata viatu sijavua.

Nyuma ya jiko tuna kistoo, ndicho tulichopanga alale binti. Sakafu yake ilikuwa imebanduka, ukikanyaga vumbi linapanda. Sasa ilikuwa na vigae vyeupe ukuta hadi ukuta, mabaki aliyopewa kazini. Pimamaji amepiga magoti, anasawazisha saruji kwenye maungio ya vigae kwa ncha ya kidole kitupu.

"Glavu ziko wapi?" nikamuuliza.

"Glavu haihisi ungio, mama. Ukiacha tundu, vumbi linapita palepale. Na mtoto ana kifua."

Nilimtukana, tena nilimtukana vizuri. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, na kidole cha kufa ndiyo hakisikii mafuta. Nikavisugua vidole kimoja kimoja kwa mafuta na ndimu huku machozi ya hasira yananitoka. Yeye anatazama sakafu yake.

Kesho yake mashine ikalia kwa kila kidole. Tarehe nyingine tuliyopewa ilikuwa baada ya siku ya kuzaliwa ya binti. Nikaomba ya karibu zaidi, hakuna. Karani akasema pole. Nikamuuliza kama hiyo pole ni ya dirisha lake au la jirani.

Tulipotoka nikapiga simu palepale kwenye ngazi za jengo, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani sitaweza. Binti akapokea haraka.

"Mama, nimemaliza kufunga. Viatu vya shule nije navyo, au huko wanavaa vingine?"

Nikamtazama baba yake. Akaangalia chini, mikono mfukoni.

"Vivae huko huko, mwanangu," nikasema.

Akauliza, "Kwani vidole vya baba havikupona?"

"Vilipona," nikamjibu. "Mengine atakueleza mwenyewe." Nikamsukumia simu Pimamaji, nikashuka ngazi peke yangu.