Yuko Shamba

Tangu gari la hospitali limchukue Marhun, Mahfoudha hakuacha kuichaji simu ya mumewe na kuiweka palepale alipozoea kuiweka mwenyewe. Haikupata kulia. Asubuhi ile ikalia, na buli la chai likamponyoka mkononi.

"Namtaka Marhun," kijana alisema kwa Kiarabu. "Idara ya kilimo hapa. Ombi lake la msaada wa wakulima waliopata hasara ya korona limekubaliwa. Yupo?"

Ulimi ukamtangulia. "Yuko shamba."

"Tayyib. Kesho nakuja kulitazama shamba, nionane naye."

Mahfoudha akakaa kitako. Hakukusudia uwongo. Lakini tangu msiba, neno la kifo cha mumewe hajapata kulitamka kwa kinywa chake. Wengine ndio waliomwambia. Walimzika watu waliojifunika nguo nyeupe gubigubi, na yeye siku hiyo kafungiwa chumbani, homa inamchoma. Maiti hakuiona. Alichokiona ni Marhun akitoka mlangoni kwa miguu yake, basi.

Alizaliwa Unguja, akaja Birkat al Mauz, nchi ya Waarabu, angali msichana, falaj, ule mfereji wa maji ya kijiji, haijui ni kitu gani. Marhun ndiye aliyemfundisha kungoja zamu yao ya maji, kuuziba mfereji kwa tope na matambara, kuufungua upande wa migomba. Wakazeekea humo. Korona ilipofunga njia na masoko, ndizi ziliiva zikaozea mitini, bustani nzima ikanuka siki. Marhun akapeleka ombi, kisha akaanza kukohoa.

Na sasa kila maji yakiingia shambani, Mahfoudha humsikia akikohoa nyuma ya migomba. Akienda, hakuna mtu.

Yule afisa alikuja kweli. Jina lake Adil. Aliposikia lafudhi ya mwenyeji wake, akaacha Kiarabu.

"Shikamoo, bibi. Bibi yangu mzaa mama na yeye wa Unguja."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Adil akazunguka shambani, akapiga picha kwa simu mashina yaliyokauka. Maji yalikuwa yanaingia. Kikohozi kikaja, kikavu, karibu kabisa. Mahfoudha akaganda. Adil anaendelea na picha zake, hakusikia kitu.

"Mzee yuko wapi, bibi?"

Akatazama kule kwenye migomba. Majani yametulia.

"Amekufa," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Amekufa kwa korona, mwanangu. Jana nimekudanganya."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Adil akaishusha simu. "Hukunidanganya. Tunapiga simu nyingi sisi. Si wewe peke yako uliyenambia yuko shamba."

Akamweleza kwamba haki ile itahamia kwa warithi. Haikupotea: baada ya muda ikaja miche na mbolea, wakapanda Mahfoudha na bintiye Manar.

Walipomaliza kupanda, alisema, "Nipeleke kwa baba yako."

Manar akaendesha gari mpaka makaburini. Mahfoudha akasimama nje ya ukuta. Makaburi ya msimu ule yamepangana, mawe matupu, hakuna jina hata moja.

"Lipi lake?"

"Sijui, mama. Hawakuturuhusu kukaribia."

Upepo ukapita juu ya mawe. Mahfoudha akangoja kidogo, kama anayesubiri kuitwa. Kisha akainua mkono, akawatolea salamu wote.