Kizingitini Nani Hana Simu?

Kila Ijumaa baada ya sala, kabla usingizi wa mchana haujatutawanya, sisi watu wachache wa Amu, ndiyo Lamu, na visiwa vya kaskazini tunaokula kwa kuandika programu hukutana kwa kikoa. Kikoa cha wazee wetu kilikuwa cha chakula: leo kwako, kesho kwangu, mwenye zamu ndiye mpishi. Chetu tumekiongezea jambo moja. Mwenye zamu huleta sinia la wali na huleta pia kosa lililomshinda kwenye kazi yake, na hakuna ruhusa ya kunyanyuka mpaka kosa hilo lipatiwe dawa. Wake zetu wanaamini kwamba tunakwenda kula tu, na ziko Ijumaa ambazo hawakosei.

Tunaandika kwa Scala, lugha ya kompyuta ambayo hata huko mijini wengi huikimbia, pamoja na fremuweki yake ya kujengea tovuti. Lawama ya jambo hilo ni yangu. Nilijifunza kwenye kampuni ninayoifanyia kazi nikiwa nyumbani, nikaja nayo kikoani, nikawasifia mpaka wenzangu wakaifuata. Kwa hiyo wakaniita maalim. Jina walinipa kwa mzaha, nami nikalipokea kwa dhati.

Miongoni mwetu alikuwapo mmoja wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi katika visiwa hivyo vya kaskazini. Alikuwa akija na mashua ya asubuhi, laptopu ameizungushia mifuko ya nailoni kama mgonjwa anayekwenda hospitali, na ndiye aliyekuwa akiuliza maswali mengi kuliko sote. Alikuwa ameacha kazi Mombasa akarudi kwao, kwa sababu, kama alivyotuambia siku ya kwanza, hakutaka kulea wanawe kwa simu. Watu wa kwao walimcheka. Kazi ya kompyuta Kizingitini, walimwambia, utawauzia samaki? Yeye alikuwa na hesabu yake. Akipata mfanyabiashara mmoja pale kwao wa kumwamini, wengine watakuja, na hatakuwa na haja ya kuvuka maji tena kutafuta riziki. Asipompata, basi ni Mombasa.

Alimpata. Kuna Bi mmoja pale anayenunua kamba, wale wakubwa wa mwambani, kutoka kwa wazamiaji, na kuwapeleka Mombasa wakiwa hai. Ugomvi wa uzani ulikuwa umemchosha. Huyu anasema kamba wangu walikuwa wazito kuliko hivyo, yule anasema karani hakuandika sawasawa. Mwenzetu akamtengenezea programu. Kamba wakipimwa, karani anaingiza uzani, na pale pale mzamiaji anapata ujumbe kwenye simu yake. Bi akatangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna kamba atakayepokelewa kabla ujumbe haujafika, ili maneno yaishe. Na kweli yaliisha. Mwenzetu alipokuja kikoani Ijumaa ile, alitembea kama bwana harusi.

Sasa niseme langu.

Siku chache kabla programu ile haijaanza kutumika, alinitumia picha ya kioo cha laptopu yake, mistari myekundu mitupu. Nilikuwa barazani mbele ya duka, kwenye kivuli, nikisubiri juisi yangu ya ukwaju, na kikao cha kampuni kilikuwa karibu kuanza. Nilitazama picha mara moja nikajua. Scala haikupi kitu mkononi ikiwa kuna uwezekano kwamba kitu hicho hakipo. Inakupa kama sinia lililofunikwa kawa. Huenda chini yake mna wali, huenda hamna kitu, na wewe unatakiwa uandike ufanye nini ikiwa hamna. Yeye alikuwa anaomba nambari ya simu ya mzamiaji, na programu ilikuwa inamwambia: nambari huenda ipo, huenda haipo, amua.

Iko njia ya mkato. Unaandika nukta, kisha neno get, na maana yake ni kwamba mimi naapa kitu kimo, nipe. Mistari myekundu inaondoka yote. Na siku ambayo kitu hakimo, programu inaanguka kifudifudi. Mtu yeyote aliyeandika Scala kwa mwezi mmoja anajua kwamba hiyo ni njia ya wavivu. Mimi nilikuwa nimewakemea wengine kwa ajili yake.

Nikambonyezea ujumbe wa sauti: "Weka nukta get, itanyamaza."

Akajibu kwa sauti vilevile, taratibu, kama kawaida yake akiwa na wasiwasi: "Maalim, na akiwa mtu hana nambari? Haitaanguka?"

Juisi ilikuwa imefika. Nikacheka, na kicheko hicho kimo kwenye ule ujumbe, nimeusikiliza tena mara nyingi kuliko inavyofaa. Nikasema, "Kizingitini nani hana simu?"

Naye akacheka. Maalim ameshasema. Akaweka.

Wazamiaji wote walikuwa na simu, hilo ni kweli. Lakini simu ya mmoja wao iliingia maji, laini ikapotea, naye akamwomba karani aifute nambari ile asije mtu mwingine akapokea habari za kamba wake. Karani akaifuta. Palikuwa na siku nyingi za upepo mkali kabla ya hapo na bahari haikuingilika. Asubuhi ya kwanza ya shwari wakatoka wote, wakarudi na matenga yamejaa. Karani akafungua ukurasa wa kupokelea. Programu ikaanza kukusanya nambari za wote, ikafika kwa yule mmoja, ikaanguka. Akafungua tena, ikaanguka tena. Mtu mmoja hana simu, na kijiji kizima kinasubiri juani. Bi alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya watu, hakuna ujumbe hakuna kupokea, na kila mara aliambiwa kwamba bado kidogo itakaa sawa.

Mwenzetu alinipigia. Nilipoona kosa lililoandikwa pale sikuhitaji kusoma mara mbili. Tulilitengeneza pamoja muda mfupi tu, mistari michache, ile ile ambayo ningemwambia tangu mwanzo. Nikamwelekeza kwa utulivu kama daktari. "Hapa palitakiwa uandike kitu cha badala, kama nambari haipo," nilisema.

"Ndiyo, maalim," akasema.

Palitakiwa uandike. Hivyo ndivyo nilivyosema. Kufika wakati ule kamba wengi walikuwa wameshakufa ndani ya matenga, na mnunuzi wa Mombasa hachukui wafu.

Nilikwenda Kizingitini, nikafuatana na mwenzetu kumwomba Bi radhi. Niliambiwa na kila mtu kwamba nimefanya uungwana mkubwa kuvuka maji kwa ajili ya shida ya mwenzangu. Bi alitupokea ukumbini kwake, mama mtu mzima, mpole, hasira yake imeshapoa na kubaki uchovu tu. Mimi nikapewa chai kwanza kwa kuwa mgeni ni mimi.

"Mwanangu," alimwambia mwenzangu, "mimi sikutukii, sina kinyongo nawe. Lakini siku ile watu walinitazama na mato yao, na kamba wakifa, na mimi nimekaa nangojea mashini. Sitaweza tena. Nenda nayo."

"Kosa ni langu, Bi," mwenzangu akasema. "Nisamehe."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Bi akanigeukia, akaniuliza kwa adabu, "Na wewe ndiwe maalimu wake?"

"Ndimi, Bi."

"Basi mfunde vyema, baba. Ni kijana mwema."

Nikasema inshallah. Nikanywa chai yangu, ilikuwa na tangawizi nyingi, na nikaimaliza.

Tulipokuwa tunarudi gatini nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Hakusimama wala hakunitazama. "Ningemwambia nini?" alisema. "Mkono ulioandika ni wangu. Na Bi, aibu ya mtu mmoja yamtosha." Kisha akaniuliza kama nimeshamjua nahodha wa mashua ya kurudi Amu, maana wengine huondoka mapema. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote juu ya jambo lile. Kusitiriana tumefunzwa sote tangu chuo cha Kurani, tukiwa bado hatujui kuandika majina yetu. Sikujua kwamba mtu anaweza kusitiriwa mpaka akose pumzi.

Habari zikafika kikoani, na wenzetu kwa nia njema kabisa wakapendekeza kwamba Ijumaa inayofuata, ambayo zamu ilikuwa yangu, nifundishe juu ya kosa lile asije mwingine akaanguka palepale. Nikafundisha. Nilitumia mfano wa sinia na kawa, ukawapendeza sana. Nilifundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sikukosea hata neno. Yule wa Kizingitini alikaa karibu na mlango, akiitikia kwa kichwa pale panapostahili kuitikia. Tulipomaliza alitwaa birika akanimiminia maji ya kunawa, kwa sababu yeye alikuwa mdogo kwangu kwa miaka. Laiti angenimwagia usoni ningemshukuru.

Nani atakuita tena kazini pale Kizingitini baada ya kamba kufia mikononi mwako? Hakuna aliyemwita. Watu wa kwao hawakumtukana, walimtania tu, na utani wa mji mdogo haukupi nafasi ya kusahau. Akaanza kutuma maombi ya kazi Mombasa, na akaniomba niwe mtu wa kuulizwa habari zake. "Sema ukweli tu," aliniandikia. "Wewe ndiye unayeijua kazi yangu."

Nilipigiwa simu na mwanamume wa ofisi moja ya huko. Aliniuliza maswali ya kawaida, nikamjibu kwa moyo wote, kwa sababu mwenzangu ni fundi hasa na sikuhitaji kutia chumvi. Kisha akauliza, "Kuna kosa kubwa lolote unalolijua katika kazi yake?"

"Hakuna," nikasema.

"Mbona mwenyewe ametuambia la kamba? Amesema aliandika kwa haraka, hakufikiri, akamtia hasara mama mmoja wa watu."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Chini punda wa jirani alikuwa amepakiwa mchanga na amekataa kwenda, na mwenye punda anambembeleza. Nikasema, "Bwana, lile kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia aandike vile. Aliniuliza kama itaanguka, nikamcheka."

Yule bwana akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi.

"Nyinyi watu wa Lamu kwa kusitiriana hamjambo!" akasema. "Yeye hata hakukutaja, na wewe unajitwika mzigo wake. Mtu mwenye rafiki kama wewe hawezi kuwa mtu mbaya."

Nikamwambia ni kweli, si kumsitiri. Nikarudia kutoka mwanzo, picha, ujumbe wa sauti, kicheko.

"Nimekusikia, Bwana," alisema, na nilimsikia anavyotabasamu. "Nimekusikia. Mwambie ajiandae."

Akaenda. Mkewe na watoto walibaki Kizingitini, kwa sababu nyumba za Mombasa si za kupanga na watoto wadogo kwa mshahara wa kuanzia. Sasa anawalea kwa simu. Baada ya muda nikapata ujumbe wake wa sauti, nyuma yake honi na makelele ya mjini. "Maalim, wameniambia ulivyonitetea. Ati ulilitwaa kosa langu ukalifanya lako. Allah akulipe. Mimi sijui kama ningeweza." Nimeusikiliza kutafuta kama mna kejeli ndani yake. Hamna. Sijui kama ameamini kweli kwamba ni lake, au amenifunika tena. Sijathubutu kumuuliza.

Ijumaa iliyopita zamu ilikuwa yake. Tulidhani tutairuka, lakini zamu ya kikoa hairukwi kwao, na mashua ya asubuhi ilituletea sinia limefunikwa kawa na kufungwa kwa kitambaa, chakula ambacho mkewe alikipika alfajiri. Mkewe alimpa nahodha na maneno ya kutufikishia: mumewe amesema watu wasikose kula kwa sababu yeye hayupo, na kilicho juu ya wali ni cha maalim.

Tukafunua kawa. Wali ulikuwa wa nazi, na juu yake amelala kamba mmoja mkubwa, mzima, mwekundu. Wenzangu wakamsogeza upande wangu, wakanicheka, haya maalim, una bahati. Nikanawa mikono, nikammenya. Hakuna aliyeona kwamba nimeshindwa kumeza, au waliona, wakanisitiri.